Saa za Kisovieti: Mitambo ya Canton, Jina la Moscow

Majengo ya Kiwanda cha Pili cha Saa cha Moscow, ambacho saa zake zilijulikana duniani kwa jina la Slava, yaani "utukufu", yalisimama kwa miongo mingi karibu na stesheni ya reli ya Belorussky mpaka yalipobomolewa katika karne hii, na kiwanja chake kikageuzwa kuwa mtaa wa makazi na biashara. Tangu hapo kazi ya kuitunza historia ya kiwanda hicho imewaangukia zaidi wakusanyaji wa saa za zamani, watu wanaonunua kwa fedha zao wenyewe kile ambacho taifa lililokitengeneza lilikiacha kitupwe.

Jina "saa za Kirusi", linalotumika sokoni, lina kasoro, kwa kuwa saa za Luch zilitoka Minsk nchini Belarusi, na chimbuko la ufundi wenyewe halimo Moscow bali katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Simulizi za Canton, ambazo ndizo msingi wa mengi yanayoandikwa kuhusu jambo hili, zinaanza na kampuni ya Dueber-Hampden, iliyokuwa na kiwanda kikubwa mjini humo tangu miaka ya mwisho ya 1880, ikadhoofika wakati wanunuzi walipoiacha saa ya mfukoni na kuikimbilia ya mkononi, na mwaka 1927 ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Wakati huohuo serikali ya Kisovieti, iliyorithi nchi iliyozoea kutegemea saa na vipuri vya Uswisi, ilikuwa ikitafuta namna ya kupata kiwanda kizima kwa mkupuo mmoja, kwani reli, jeshi na viwanda vipya vya mpango wa miaka mitano visingeweza kwenda kwa kukisia jua.

Ununuzi huo ulikuwa wa ajabu kisiasa, maana Marekani haikuitambua serikali ya Moscow mpaka mwaka 1933, na biashara yote ilipita mikononi mwa Amtorg, shirika la biashara la Kisovieti lililokuwa na ofisi New York. Mwaka 1930, mdororo mkuu wa uchumi ukiwa umekwisha kuanza, mitambo ya Canton ilifungashwa, ikapakiwa katika mabehewa yanayotajwa kuwa 28, ikasafirishwa hadi Moscow pamoja na shehena ya vipuri na saa ambazo hazijakamilika. Mafundi 21 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda hicho waliifuata, wakakaa huko kuwafundisha Warusi kukata meno ya magurudumu, kupachika vito, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano kwenye ncha za ekseli, na kurekebisha gurudumu la mizani, ambalo kwenda na kurudi kwake ndiko kunakogawa muda. Ni kinaya kisichohitaji kukoleza kwamba wafanyakazi waliotemwa na ubepari walipata kazi yao ileile, kwenye mashine zilezile, katika mji mkuu wa ukomunisti.

Kiwanda kipya kiliitwa Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Taifa, na saa yake ya mfukoni, iliyoitwa Aina ya Kwanza, ilikuwa saa ya Hampden iliyovishwa herufi za Kirusi. Umbo hilo la ndani liliishi muda mrefu ajabu: vita vilipohamishia mitambo Zlatoust, katika milima ya Ural, lilikwenda nalo, na baadaye likawekwa ndani ya saa kubwa mno za wapiga mbizi, zilizoendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1970.

Hatua zilizofuata zinajulikana zaidi. Pobeda, yaani "ushindi", iliyoanza kutoka viwandani mwaka 1946, ilitokana na mtambo wa kampuni ya LIP ya Ufaransa; Yuri Gagarin alivaa Sturmanskie angani tarehe 12 Aprili 1961; na Amphibia ya Chistopol ya mwaka 1967 ilihimili kina cha mita 200 kwa mbinu ya kuliacha shinikizo la maji lenyewe libane mfuniko na mpira wake.

Ugomvi mkubwa miongoni mwa wakusanyaji unahusu saa mseto, yaani saa iliyounganishwa kwa sehemu za saa mbalimbali, na hapa msimamo wa wakali unazidi kiasi. Pobeda ilitengenezwa katika viwanda kadhaa kwa vipimo vya aina moja, hivyo fundi saa wa mwaka 1955 aliyebadilisha uso uliopauka kwa kuweka wa kiwanda kingine hakughushi kitu, bali alitengeneza saa ya mteja, na alama ya matengenezo hayo ni sehemu ya historia yake. Anayestahili lawama ni muuzaji wa leo anayepaka uso rangi mpya, kuchapa chombo cha anga juu yake na kudai kuwa ni saa ya mwanaanga. Dawa ya udanganyifu huo ni kufungua mfuniko wa nyuma kabla ya kutazama mbele, kwa sababu mitambo mingi ya miaka ya 1940 na 1950 iligongwa muhuri wa robo ya mwaka na mwaka wenyewe, kama 3-45 au 1-53, na muhuri huo unapopingana na uso, uso ndio unaotakiwa kujieleza.

Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, viwanda vingi vilififia au kufungwa, ingawa Raketa ya Petrodvorets na Vostok ya Chistopol zingali zikitengeneza saa. Mengine yamebaki katika makabati ya watu binafsi, na kati ya hayo hakuna yanayotafutwa kwa hamu kuliko saa za mwaka ule wa 1930 ambazo uso wake unataja Moscow na vipuri vyake vilikatwa Canton.