Usugu wa dawa katika maambukizi ya damu, Arusha na Kilimanjaro

Kaskazini mwa Tanzania, maambukizi ya bakteria kwenye damu yalijificha miaka mingi nyuma ya jina la malaria. Mgonjwa wa Levolosi, jijini Arusha, aliyepandwa na homa alianzia duka la dawa kwa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, akaenda kituo cha afya, na akizidiwa alifikishwa Hospitali ya Mount Meru akiwa ameshachomwa sindano ya penisilini (PPF). Kwa kawaida damu yake ilipimwa malaria tu.

Kuotesha bakteria wa kwenye damu kunahitaji maabara yenye umeme wa uhakika na watu waliofunzwa. Ngozi husafishwa kwa spiriti, damu ikaingizwa kwenye chupa yenye mchuzi wa lishe na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37. Bakteria wakiota hupakwa kwenye sahani, na juu yake hupangwa vidoto vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Asubuhi yake mtaalamu hupima kwa rula duara lililobaki wazi kuzunguka kila kidoto. Dawa iliyoshindwa haina duara, au duara lake ni dogo mno.

Kipimo hicho kilipofanywa kwa wingi, hali ilionekana. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wa 2001–2002 ulifuatilia watoto 1,828 waliolazwa: kati ya waliokutwa na maambukizi ya damu walikufa asilimia 34.9, na kati ya wenye malaria asilimia 20.2. Waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo walikuwa hatarini zaidi. Moshi, kilomita 80 hivi kutoka Arusha, wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007–2008 walichunguzwa. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria kwenye damu.

Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea, kosa moja lilizaa jingine: aliyekutwa hana malaria aliandikiwa antibiotiki, mara nyingi bila sababu. Maboma ya wafugaji nayo huenda yalichangia usugu. Kuzunguka Mlima Meru, antibiotiki ya ng'ombe iitwayo oksitetrasaiklini hununuliwa bila cheti na mwenye mifugo huichoma mwenyewe.

Serikali ilitoa mpango wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa miaka ya 2017–2022. Hata hivyo majibu ya kuotesha damu huchukua siku mbili hadi tatu, na mgonjwa mahututi hawezi kungoja. Dozi ya kwanza ya antibiotiki, mara nyingi seftriaksoni, bado huchomwa kwa kukisia.