Meza ya Njumu: Miti Migeni kwa Nani?

Katika makala hii ya historia tunapenda kuanza na neno dogo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hulijua tangu juma la kwanza la masomo, nalo ni meza. Neno hili tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15. Ngome yao ya Mombasa ilitekwa na Waomani mwaka 1698, lakini neno lao likabaki. Waswahili hata wakalizalia: kile kisanduku kinachovutwa chini ya meza kikaitwa mtoto wa meza.

Neno la pili ni njumu. Fundi anapotia njumu, huchimba mifuo myembamba kwa patasi juu ya ubao, akapachika vipande vya mti wa rangi nyingine, au pembe, au madini, kisha akasawazisha mpaka mkono usihisi mahali pa kuungana. Kazi hii yataka mbao zilizokauka barabara. Mbao mbichi husinyaa, na kipande kilichopachikwa hubanduka. Pwani, ufundi huu tunauona katika kiti cha enzi, kiti cha mti mweusi chenye mapambo ya pembe za ndovu, alichokalishwa mgeni wa heshima katika nyumba za Lamu na Zanzibar.

Sasa tutazame upande wa pili. Wauzaji wa samani za kale huko Ulaya husifu meza za zama za ukoloni kwa kusema kwamba zimetiwa njumu za miti ya kigeni. Sisi twauliza: migeni kwa nani? Mtu wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, akionyeshwa mvule au mkangazi hatashangaa. Kwake hizo ni mbao za mlango, za kitanda na za dawati la shule. Kilichokuja kutoka mbali ni meza, si mti.

Mfano mmoja wa wazi tunaupata Ubelgiji. Mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili aliandaa maonyesho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Mafundi mashuhuri wa wakati huo, akina Paul Hankar, Henry van de Velde, Gustave Serrurier-Bovy na Georges Hobé, walipewa kazi ya kupamba kumbi, na mbao za Kongo zikatumika ili wageni wauone utajiri wa koloni. Samani zile zimeandikwa sana katika vitabu vya sanaa. Lakini katika maonyesho hayohayo Wakongo 267 waliletwa na kuwekwa watazamwe na umati, na saba kati yao wakafariki. Mbao zilisifiwa kwa uzuri. Watu waliotoka nchi moja nazo hawakurudi wote.

Mpaka kati ya Kongo hiyo na Uganda uliafikiwa mwaka 1910 na wakubwa wa Ulaya waliokutana Brussels. Mstari wao uliwagawa Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu mno. Bwera iko ukingoni mwa mstari huo, jirani na kituo cha mpakani cha Mpondwe. Ng'ambo ni Kasindi. Biashara ya hapo imekifanya Kiswahili kuwa chombo cha kila siku, na miongoni mwa bidhaa zinazovuka ni mbao kutoka misitu ya mashariki mwa Kongo, zinazopakiwa malori kuelekea Kampala na hata Kenya. Njia ya mbao na njia ya maneno ni moja.

Upande wa Uganda, utawala wa Waingereza nao ulihitaji meza za ofisi na za nyumba za maafisa. Mvule ulipendwa kwa kuwa mchwa hauuwezi kwa urahisi, na mkangazi ulikatwa katika msitu wa Budongo. Tukumbuke pia kwamba Makerere ilipoanza mwaka 1922 haikuwa chuo kikuu bali shule ya ufundi. Wavulana wake 14 wa kwanza walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo kikubwa cha nchi kilianza na randa na msumeno.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyosafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Pamoja na reli na mgodi walikuja wafanyakazi wa makabila mbalimbali, na mji ukakua. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 treni nazo zikakoma kufika. Samani za zama kama hizo hazina mlinzi: ofisi hufungwa, meza huuzwa, nyingine hupasuliwa kuni. Hatudai kwamba kila meza kuukuu iingie makumbusho. Ila meza ikiondoka bila kuulizwa, huondoka na jina la mti wake, na habari za mikono iliyoupasua.

Hapo ndipo somo letu la lugha linapohusika. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu wa Kasese atakayefundisha msamiati wa samani asiishie kwenye meza na kiti. Awatume wanafunzi kwa fundi seremala wa jirani, wamuulize kila mti unaitwaje kwa Kiswahili na kwa Lukonzo, umetoka msitu gani, na wazee waliutumia kwa nini kabla ya kuja meza. Majibu hayo yaandikwe daftarini yakiwa na tarehe. Wazee wanaojua majina hayo wanazidi kupungua, na mti usio na jina nyumbani kwake huo ndio mti mgeni kweli.