Sumu ya Mshale na Siri ya Moyo

Msomaji, ukivuka feri ya Likoni ukaelekea kusini, au ukitoka Mombasa kwa njia ya Kisauni au Changamwe, waingia katika nchi ya Wamijikenda. Wawindaji wa zamani wa nchi hii waliujua mti uitwao msunguti. Walichemsha vipande vya mti huo na mizizi yake kwa saa nyingi, hata maji yakawa mazito na meusi kama lami, wakayapaka mishaleni. Mshale wa namna hiyo uliweza kumwangusha ndovu, kwa kuwa sumu yake huushambulia moyo.

Usidhani kuwa ujuzi huo ulikuwa mdogo. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza katika Unguja, alikuwamo katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858. Huko sumu ya mishale, jamaa ya hii yetu, iligusa mswaki wake kwa bahati. Alipopiga mswaki aliona uchungu kinywani, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Sumu hizo zikachunguzwa Ulaya. Mwaka 1888 Arnaud, Mfaransa, alitenga sumu ya mti wa jamii ya msunguti. Ikaitwa uabaini, kwa neno la Kisomali.

Je, hutendaje kazi? Kila seli ya msuli wa moyo ina pampu za kutoa sodiamu nje. Jens Skou wa Denmark aligundua pampu hiyo mwaka 1957 kwa kuchunguza mishipa ya fahamu ya kaa, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Uabaini huzizuia pampu hizo: sodiamu hujaa ndani, kalsiamu huongezeka, na msuli hujikaza kwa nguvu zaidi. Ikiwa kidogo, huutia nguvu moyo dhaifu. Ikizidi, huvuruga mapigo hata moyo ukasimama.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wameona katika damu ya binadamu kitu mfano wa uabaini, labda homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Wataalamu wangali wakibishana juu yake. Lakini seli za moyo wa panya zimeonyesha ajabu nyingine: uabaini ikishika pampu, ujumbe hupelekwa ndani, na seli hutoa oksijeni ya namna kali. Oksijeni hiyo chache ni tarishi; nyingi huidhuru seli iliyoizaa.

Basi, dawa na sumu hutengwa na kipimo. Arnaud na Skou wameandikwa vitabuni. Wapishi wa sumu ya msunguti hawakuandikwa. Ukisimulia habari za moyo, anza nao.