Shanga za Zungomero na Siri ya Mng'ao

Sisi wakazi wa Kisaki tunaishi kando ya njia kongwe. Jirani na hapa, katika nchi ya Wakutu, ambako mto Mgeta huteremka kutoka milima ya Uluguru, palikuwa na Zungomero, kituo mashuhuri cha misafara ya kwenda bara. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857. Fedha ya njia ile ilikuwa nguo, waya na shanga. Kwa vitu hivyo vilinunuliwa chakula na pembe za ndovu, na biashara ya binadamu ilipita njia hiyo hiyo.

Burton aliorodhesha aina nyingi za shanga. Iliyotamaniwa sana ni samesame, nyekundu. Kwa maelezo yake, watu waliipa majina yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwani mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake ili aipate.

Uzuri huo ulitoka wapi? Ushanga ule haukuwa mwekundu wote. Kiini chake kilikuwa kioo cheupe, nacho kimevikwa utando wa kioo chekundu. Mwanga hupenya utando, hugonga weupe, kisha hurudi nje ukiwa mwekundu. Kama kiini nacho kingekuwa chekundu, mwanga mwingi ungemezwa ndani na ushanga ungefifia.

Misitu ya Afrika, Tanzania ikiwamo, ina ushanga wake wenyewe: tunda dogo la mviringo la mmea uitwao Pollia condensata, lenye buluu ya kumetameta. Mwaka 2012 Silvia Vignolini na wenzake walitangaza kuwa buluu hiyo haitokani na rangi ya kawaida. Ganda la tunda limejengwa kwa matabaka mengi ya selulosi, membamba mno kuonekana kwa macho. Mawimbi ya mwanga yanayorudi kutoka kila tabaka hukutana na kutiana nguvu, na unene wa matabaka ndio unaochagua buluu. Povu la sabuni hupata rangi zake kwa njia ya jamaa na hii. Newton alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1704. Tunda lililochumwa Ghana mwaka 1974 na kuhifadhiwa Kew, Uingereza, lilikuwa bado linang'aa vilevile.

Wanasayansi nao hutengeneza vijitufe vya kioo vidogo sana na kuvivika matabaka ya namna hiyo. Mwanga huzunguka ndani ukiambaa ukuta, kama mnong'ono uzungukavyo kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo, London, jambo ambalo Lord Rayleigh alilichambua mwaka 1910. Hudumu rangi zile tu ambazo mawimbi yake hutimiza duara sawasawa. Chembe ikigusa ganda, rangi hizo husogea kidogo. Hivyo kijitufe huwa kipimo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Tunda la Pollia halina nyama ndani, ni mbegu kavu tupu. Huenda ndege huvutwa na mng'ao peke yake. Samesame nayo ilikuwa kioo tu. Hata hivyo, kwa ajili ya utando ule mwekundu babu zetu walitoa chakula cha watoto wao, na pembe zikapita hapa Kisaki zikienda pwani, zisirudi.