Bomba, Neli na Msumeno

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 1907. Injini za mvuke zilitaka maji, na maji yalitaka mabomba ya kupimwa na kukatwa.

Neno bomba tulilipata kwa Wareno, nalo kwao ni chombo cha kuvutia maji. Sisi tumelitwika pia njia ya maji yenyewe, hata pale yatokapo, ambapo Unguja husema mfereji. Hivyo agizo “kata bomba” humwacha mwanafunzi akibahatisha. Kwa lile jembamba twapendelea neli, ambalo walimu wa sayansi wamekwisha lizoea.

“Msumeno wa chuma” nao una utata: umetengenezwa kwa chuma, au hukata chuma? (Wa seremala pia ni wa chuma.) Tuseme msumeno wa kukatia chuma, ijapokuwa ni refu. Meno yake huelekea mbele, kwani hukata unaposukumwa. Neli nyembamba hutaka meno madogo yaliyosongamana, la sivyo hunasa na kuvunjika. Mfasiri aandike basi “sukuma”, wala si “vuta”.