Mlinzi Anapomkamata Mwenye Nyumba

Leo siasa naziweka pembeni. Kuna jambo la kompyuta linanikereketa kwa muda sasa, na nimelifukunyua mpaka nikafika mwaka 1986. Wale mnaosinzia mkisikia neno "programu" vumilieni kidogo, mbele huko kuna hospitali, polisi na supamaketi.

Jambo lenyewe ni hili. Una programu umeitumia miaka kumi na mitano. Umeihamisha toka kompyuta hadi kompyuta kwa flashi, haijawahi kukukosea. Faili lake halijabadilika hata herufi moja. Asubuhi moja unawasha mashine, antivairasi inapiga kelele: Trojani! Kabla hujamaliza kusoma, faili limeshafutwa au limefungiwa karantini. Jana lilikuwa safi, leo ni jambazi. Nini kimebadilika?

Kwenye faili, hakuna kitu. Aliyebadilika ni hakimu.

Na hakimu huyu ana historia. Mwaka huo wa 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza Brain, kirusi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kusambaa kwenye kompyuta za jamii ya IBM PC. Kilisafiri kwa disketi. Walioanza kukiwinda hiki na wenzake walitumia njia ya kawaida kabisa: chukua kipande cha mwili wa kirusi, baiti chache zilizofuatana ambazo unadhani hazimo kwingine, ziandike kwenye daftari, halafu pekua kila faili. Ukizikuta, piga kelele. Kipande hicho wakakiita saini.

Liangalieni neno "unadhani". Hakuna aliyewahi kusoma mafaili yote ya dunia ili awe na hakika kwamba baiti hizo hazimo kwingine. Zamani mambo yalifikia hatua ya kuchekesha: ukiweka antivairasi mbili kwenye kompyuta moja, moja inaweza kuikamata nyingine! Kisa? Kila moja imebeba daftari la saini, na daftari hilo limejaa vipande vya virusi. Ni sawa na polisi kumtia pingu polisi mwenzake kwa kuwa amemkuta na picha za majambazi mfukoni.

Enzi hizo virusi vilikuwa vya kuhesabika. Leo taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani inasema inasajili programu hasidi na zisizotakikana zaidi ya 450,000 mpya kila siku. Hakuna binadamu anayekaa kuzisoma zote. Mashine ndizo zinazoandika saini, mashine ndizo zinazojifunza sura za wezi, na saini moja inatengenezwa pana ili inase ukoo mzima wa virusi. Wavu ukiwa mpana hivyo, na dagaa wa jirani wanaingia.

Orodha ya dagaa walioingia ni ndefu, nitawapa michache. Machi 2006 McAfee iliiona Excel ya Microsoft, hiyo hiyo ya mahesabu, kuwa ni kirusi. Mei 2007 Symantec iliyakamata mafaili mawili ya Windows XP ya Kichina. Yalipoondolewa, kompyuta zikagoma kuwaka. Novemba 2008 ikawa zamu ya AVG, ile ya bure ambayo ukiingia kafe ya intaneti mjini hapa ulikuwa huikosi. Iliamua kwamba user32.dll, faili ambalo Windows haiwezi kuchora hata dirisha moja bila hilo, ni Trojani wa kuiba taarifa za benki. Waliopigwa zaidi walikuwa wenye Windows za lugha kama Kifaransa, Kiitaliano, Kiholanzi na Kireno. Kwa mara moja tulinufaika na uvivu wetu wa kutumia kila kitu kwa Kiingereza.

Lakini siku ambayo kila anayeandika historia hii lazima aipigie magoti ni Jumatano, 21 Aprili 2010.

Siku hiyo McAfee ilituma sasisho namba 5958 kwa wateja wake. Ndani yake kulikuwa na saini ya kirusi kiitwacho Wecorl. Saini hiyo ikafanana na svchost.exe ya Windows XP yenye maboresho ya tatu, SP3. Kwa wasioijua, svchost ni kuli wa Windows: huduma nyingi, ikiwemo ile ya kuunganisha mtandao, hupanda mgongoni mwake. Antivairasi ikamkamata kuli. Kompyuta ikapoteza mtandao, ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Na kwa kuwa mtandao hakuna, dawa haiwezi kutumwa kwa njia iliyoletea ugonjwa. Mafundi ilibidi watembee na flashi mkononi, meza hadi meza.

Huko Rhode Island, Marekani, baadhi ya hospitali zilisimamisha kupokea wagonjwa wa dharura ambao hawakuwa na majeraha makubwa. Polisi wa jimbo la Kentucky waliambiwa wazime kompyuta za kwenye magari ya doria. Australia, supamaketi za Coles zilifunga baadhi ya maduka kwa kuwa mashine za malipo hazifanyi kazi. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Hakuna kirusi kilichoingia. Mlinzi tu alikuwa kazini. McAfee wenyewe walieleza baadaye kwamba majaribio yao hayakugusa ipasavyo mchanganyiko ule wa Windows na toleo la antivairasi yao. Hebu fikirini, XP SP3, mojawapo ya Windows zilizokuwa zimeenea mno maofisini!

Mkurugenzi wa teknolojia wa McAfee wakati ule aliitwa George Kurtz. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa CrowdStrike. Mnaikumbuka? Ni wale ambao sasisho lao la 19 Julai 2024 liliangusha Windows milioni 8.5 na ndege zikalala viwanjani. Safari hiyo haikuwa kumsingizia mtu ukirusi, lilikuwa ni faili bovu la maelekezo, kwa hiyo tusichanganye mada. Ila mimi ni mwandishi wa habari, jina likijirudia siwezi kujifanya sijaliona.

Na Sophos, Septemba 2012, ilivunja rekodi ya vichekesho. Saini yake mpya iliyaona mafaili yanayohusika na kusasisha programu kuwa ni virusi, yakiwemo ya Sophos yenyewe. Mlinzi kajifungia selo na funguo kazimeza. Marekebisho yalikuwa tayari, lakini kwenye baadhi ya mashine wa kuyapokea alikuwa karantini.

Sasa, wakubwa hao wakisingiziwa dunia inasikia. Microsoft ilipoiita Chrome ya Google mwizi wa nywila, 30 Septemba 2011, kosa lilirekebishwa siku hiyo hiyo. Google ina simu ya kumpigia mtu. Kilio cha kweli kiko kwa wadogo, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kuna bwana mmoja wa Israeli, Nir Sofer, mwenye tovuti ya NirSoft. Amekuwa akitoa bure vijiprogramu vidogo vyenye manufaa makubwa, vingine vya kukuonyesha nywila ulizozisahau kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mwaka 2009 aliandika malalamiko marefu kuhusu kampuni za antivairasi zinavyomsumbua mtengenezaji mdogo. Watumiaji wanamwandikia wakimwita mwizi, naye hana la kufanya ila kutuma barua kampuni moja baada ya nyingine, na toleo jipya likitoka anaanza upya. Kosa lake? Majambazi nao wanavipenda vijiprogramu vyake, wanavibeba kwenye mikoba yao. Panga ni lile lile la mkulima, lakini limeonekana mara nyingi mno kwenye matukio.

Hivyo hivyo kwa UPX, programu ya mwaka 1998 ya kufinya programu nyingine ziwe ndogo. Zama za disketi na modemu watu waaminifu kibao waliitumia. Wenye virusi nao wakaipenda, maana kirusi kilichofinywa hakionekani sura yake. Mashine ya kujifunza ikija leo, ikakuta programu ya zamani, imefinywa kwa UPX, haina saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na watu wanaoitumia duniani ni wachache, inaihesabia alama mbaya kila hatua. Uzee wake uliokuwa sifa unageuka ushahidi. Mtengenezaji pengine aliacha kazi hiyo miaka mingi. Nani atakwenda kumtetea?

Halafu kuna uvumi, maana kampuni hizi husikilizana. Tangu 2004 kuna huduma ya VirusTotal, iliyoanzia Málaga, Hispania, na ambayo Google iliinunua mwaka 2012. Unapeleka faili, linapimwa na antivairasi kadhaa kwa mpigo. Kaspersky walifanya jaribio, wakalitangaza mapema mwaka 2010: walichukua mafaili 20 yasiyo na kosa lolote, 10 kati yake wakayasingizia kwa makusudi, wakayapeleka huko. Baada ya siku kumi, baadhi ya mafaili hayo yaliyosingiziwa yalikuwa yanaitwa virusi na kampuni nyingine hadi 14. Umbea mtupu! Kwa hiyo ukiona antivairasi kumi na nne zimesema, usidhani ni lazima una mashahidi kumi na wanne. Pengine ni shahidi mmoja na wapambe wake. (Mwaka 2015 shirika la Reuters liliripoti madai ya waliokuwa wafanyakazi wa Kaspersky kwamba kampuni hiyo iliwatega washindani wake kwa mbinu za aina hii. Kaspersky walikanusha kabisa.)

Mpaka hapa naona wengine mmeshapeleka mkono kwenye kitufe cha kuzima antivairasi. Subirini kwanza.

Agosti 2009 programu nyingi halali, za watu wenye heshima zao, zilianza kukamatwa kwa jina la Induc. Watengenezaji wakaja juu: tunasingiziwa! Walikuwa hawasingiziwi. Induc kilikuwa kinajificha kwenye Delphi, chombo wanachotumia waandishi wa programu kugeuza maandishi yao kuwa programu kamili. Kikiikuta Delphi toleo la 4 hadi la 7, kinapandikiza mwili wake kwenye faili moja la maktaba yake, na kuanzia hapo kila programu inayotoka humo inazaliwa nacho. Mwandishi anasoma kazi yake mstari kwa mstari, haoni kitu, kwa sababu humo hakimo. Ken Thompson, mmoja wa baba wa Unix, alishalionya jambo hili kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Uzuri ni kwamba Induc hakikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuzaana.

CCleaner haikuwa na uzuri huo. Programu ya kusafisha kompyuta, kila fundi wa Kariakoo aliijua. Agosti 2017 toleo 5.33 lilitoka na mlango wa siri ndani, likiwa na saini halali ya kidijitali, likapakuliwa kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Wakati huo Piriform, waliokuwa wakiitengeneza, walikuwa wameshanunuliwa na Avast, kampuni ya antivairasi! Na antivairasi karibu zote zilikaa kimya karibu mwezi mzima.

Na kuna kundi la tatu, ambapo faili halina kirusi wala halijasingiziwa. Machi 2025 Defender ya Microsoft ilianza kukamata WinRing0, draiva ya zaidi ya miaka kumi iliyomo kwenye programu za kupima joto na kuendesha feni za kompyuta. Watu wakalalamika. Lakini draiva ile inaruhusu programu yoyote kupenya hadi kiini cha mashine, na udhaifu huo ulikuwa umeshasajiliwa tangu 2020. Haikuwahi kuwa salama, ila zamani hakuna aliyeuliza.

Sasa nieleze kwa nini limenikereketa. Mhariri mmoja mstaafu alituachia mahojiano ya miaka ya 2000 mwanzoni, wazee wakisimulia mambo ya kabla ya uhuru. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Yamehifadhiwa kwa mtindo wa kinasa sauti cha wakati ule, na yanafunguka kwa programu moja tu iliyokuja na kinasa hicho. Antivairasi ya ofisi, jina nalihifadhi, imeifuta mara mbili mwaka huu. Kijana wa IT anasema, "Dada, hiyo ni virusi, siwezi kuirudisha." Nimemwonyesha CD ya awali, nimelinganisha faili kwa faili, ni lile lile. Nimewaandikia kampuni kuomba wapime upya, bado nasubiri.

Hivi ninavyoandika, kuna kompyuta moja kuukuu ya XP chumba cha nyuma. Haina mtandao, na waya nimeuchomoa mwenyewe nikaufungia kwenye droo. Mahojiano 31 kati ya 112 nimeshayageuza kuwa WAV. Kesho naendelea na la 32, mzee wa Bagamoyo.