Kilombero ipi?

Ukitaja Kilombero mjini Ifakara, huenda ukaulizwa: mto, bonde au kiwanda cha sukari? Arusha nako kuna soko la Kilombero. Waandishi wa programu za wavuti kwa PHP waliteswa na majina pacha hadi 2009, toleo la 5.3 lilipowapa “eneo la majina”: Mto\Kilombero, Soko\Kilombero, ugomvi kwisha. (Wanaosema “anga ya majina” siwaungi mkono; anga haina mpaka.)

Wengi hujikwaa kwenye amri ya include. Huleta msimbo wa faili jingine, kweli, lakini faili hilo halirithi eneo la lile lililoliita. Lisipotangaza eneo lake lenyewe, tena mwanzoni kabisa, majina yake huangukia eneo la wote.